Gari ya Kwanza Mombasa kwa 450,000: Vitz, Demio au Passo?

Haya, kamera inashika? Hamjambo watazamaji wangu, wa Kisauni, wa Likoni, na nyinyi wa bara mnaonicheka kila nikitaja joto. Leo sina gari mpya ya kuwaonyesha. Nina bisibisi hii, nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, na nina mpwa wangu, yule pale kivulini, amenuna kwa sababu ya rangi. Rangi ya nini, mtaijua.

Mpwa wangu ana miaka 23, ni muuguzi. Kazi yake iko kisiwani, zamu za usiku, na kwao ni Likoni, ng'ambo ya feri. Mamake, yaani dada yangu, amechoka kukesha akihesabu saa mtoto ashuke kwenye bodaboda salama. Wakachanga, wakafika shilingi 450,000, nikapigiwa simu: "Kaka, mtafutie mtoto gari."

Kwa pesa hizo, kuagiza kutoka Japani sahau. Sheria yetu haipokei gari iliyozidi miaka 8, na ushuru wa forodha peke yake ni asilimia 35, hujagusa VAT ya asilimia 16 wala hayo mengine. Meli zinashusha magari pale Kilindini tukiziona kwa macho, na magari yenyewe yanatupita kwenda bara. Kwa hivyo utanunua gari iliyokwisha kuendeshwa hapa hapa Kenya miaka kumi na zaidi, na watu usiowajua.

Sasa kila mtu aniuliza, Vitz au Demio? Passo si ni kagari kadogo? Mimi swali langu la kwanza silo hilo. Swali langu ni, gari hii ilikuwa ikilala wapi? Hapa Mombasa injini huweza kuwa nzima kabisa na gari ikawa imeshaliwa kwa chini. Upepo wa bahari una chumvi, mnajua wenyewe kwa vyuma vya madirisha yenu. Halafu kuna maji ya kisima. Wanaoosha gari wengi hapa mjini wanatumia maji ya kisima. Yaonje, yana chumvi. Kwa hivyo unalipa gari ing'ae juu, na kila wiki unaipaka chumvi chini kwa pesa yako mwenyewe.

Tuanze na Nyali. Vitz ya 2007, namba yaanza na KBU, rangi ya fedha. Dalali ataka 480,000, "na maongezi yapo, mzee wangu." Rimu za kupendeza, viti vimevishwa ngozi, redio ina skrini kubwa kuliko televisheni yangu ya kwanza. Mpwa wangu macho yakamtoka. Mimi nikatandika kadibodi nikalala chini.

Haya, tizameni hii picha. Mnaona weusi huu? Gari ya umri huu chini yake haiwi nyeusi tii namna hii. Nikamuuliza, bwana mdogo, hapa mmepaka lini? Akasema hiyo ni dawa ya kutu, imetoka nayo Japani. Nikapitisha kidole. Kidole kikaja cheusi.

Sikilizeni sauti sasa, maana hili somo halina gharama. Unagonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kwenye ule ukingo wa chuma chini ya milango. Chuma kizima kinalia. Kilichooza hakilii. Sikia: ti, ti, ti... pu. Umeisikia ile ya mwisho? Nikamwomba ruhusa, nikasukuma ncha, ikaingia kama kwenye mkate wa mofa. Na ukingo huo msidhani ni urembo, ndio unaoshika umbo la gari ukigongwa ubavuni. Sumaku nayo nikaipitisha juu ya gurudumu la nyuma, ikateleza ikaanguka. Pale hapakuwa na bati tena, ni pati, ile lipu ya kuzibia mashimo, iliyosawazishwa na kupakwa rangi.

Dalali akasema kila gari ya Mombasa iko hivyo. Akashusha mpaka 440,000 tukiwa tunaondoka.

Gari yenyewe, hiyo Vitz, sina ugomvi nayo. Ndiyo gari ambayo spea zake utazipata hata Jumapili usiku, na hakuna fundi Mombasa asiyeijua. Ile ya cc 996 ina silinda tatu, kwa hivyo ikisimama inatetemeka kidogo. Ni kawaida yake, asikuuzie mtu dawa. Ndani ya injini inatumia cheni ya taimingi badala ya ule mshipi wa kubadilisha kila baada ya muda. Pa kuangalia ni giaboksi. Vitz nyingi za miaka hiyo zina CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, na CVT inataka mafuta yake maalumu. Fundi akikuwekea mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu "yote ni mafuta", umekwisha. Muulize mwenye gari ameweka mafuta gani na lini. Akikodoa macho, umepata jibu.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu madalali hawalitaji na vijana hawaliulizi. Ule mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani. Kulikuwa na kampuni ya Japani, Takata, iliyokuwa ikitengenezea watengenezaji magari wengi kifaa kinachoufumua mfuko huo. Baruti yake ilikuwa ya amoniamu naitreti, na ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Gari ikigongwa, badala ya mfuko kujaa hewa, kile kifaa kinapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu walikufa nchi kadhaa, magari yakarudishwa kwa mamilioni, na kampuni ikafilisika 2017. Baadhi ya Vitz na Honda Fit za miaka hiyo zimo kwenye orodha ya kurudishwa. Joto na unyevu, jamani. Hapo umeitaja Mombasa bila kuitaja. Chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, itafute. Na ukiwasha swichi, ile taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi lazima iwake halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu ili usione kwamba haizimi.

Ya pili ilikuwa Changamwe, Demio ya 2009, kijani, 430,000. Kusema kweli hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Injini ya cc 1,348, silinda nne, imetulia, barabara ya Malindi inakwenda bila kuyumba malori yakikupita. Chini ilikuwa na kutu ya juu juu tu, ya kusugua ikatoka. Mpwa wangu akaingia, akarekebisha kiti, akasema, "Mjomba, hii hii."

Nikamwambia subiri, injini bado ni baridi, nifungue rejeta. Na mfungue ikiwa baridi tu, ikiwa moto itakuunguza uso. Maji yaliyotoka, tizameni kwenye chupa hii, ni kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Kijana mwenyewe hakuficha. Akasema anaweka maji tu, gari ya Mombasa haina baridi ya kuigandisha, kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta, ya nini? Maji gani? Ya bomba. Na bomba likikatika? Akacheka. Ya kisima.

Bwana we, kulanti siyo ya barafu peke yake. Inazuia kutu ndani ya injini na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yanaacha ukoko wa chokaa ndani ya vile vijishipa vya rejeta, kama yanavyoacha kwenye birika lako.

Basi tukafanya mtihani. Saa saba mchana, gari imesimama, AC imewashwa, dakika 30. Nimeuchagua mtihani huo kwa makusudi, kwa sababu huo ndio mtihani wa foleni ya feri. Likoni hamwendi, mnasimama, jua kichwani, na hakuna upepo wa kupooza rejeta ila wa feni. AC ikiwaka, feni ya mbele inatakiwa nayo iwake. Nikaweka sikio. Kimya.

Na hapa kuna jambo jingine la hizi gari ndogo. Ukitafuta mshale wa joto kwenye dashibodi hutauona. Ina taa ya buluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu ikiwa imeshachemka. Katikati haikwambii kitu. Dereva wa miaka ishirini na kitu atadhani kila kitu ni shwari mpaka nyekundu iwake. Ikiwaka, zima AC, toka barabarani, zima injini, na kifuniko usikiguse. Kwa ile Demio iliwaka dakika ya 18. Kijana akasema leo jua limezidi.

Kuna walioniandikia, mbona usimtafutie Impreza? Mpeni nyinyi, na mafuta mtie nyinyi. Probox je? Probox ni gari ya kazi, ingekuwa ana mizigo ningemnunulia nikiwa nimefumba macho. Nissan March tuliiona moja, tukaondoka, hakuna la kusimulia.

Ya tatu sikuitarajia. Mikindani, kwa mama mmoja mwalimu. Passo ya 2006, 390,000. Imebonyea mlango wa abiria, kubonyea haswa, kama mtu aliyepigwa teke. Na rangi... kamera, geuka uwaonyeshe. Ndiyo. Waridi.

Mpwa wangu akasimama barabarani hakutaka hata kusogea. Mimi nikalala kwenye kadibodi yangu, na nilichokiona kikanifanya nicheke peke yangu. Vumbi jekundu. Kwenye kila mkunjo wa bati, kwenye kila nati, udongo mwekundu wa Voi umekauka. Mwalimu alihamishiwa Mombasa miaka miwili tu iliyopita, na kabla ya hapo gari ilikuwa ikilala kule Voi, mbali na bahari. Nikagonga upande wa kulia, upande wa kushoto, ti, ti, ti, mpaka mwisho. Nikainua zulia la buti nikatoa gurudumu la akiba, chini yake pakavu, rangi ya kiwandani ipo. Na ule mlango uliobonyea ukanipa imani zaidi, kwa sababu hakuna aliyehangaika kuuficha. Sumaku inashika kila mahali.

Injini ni ile ile ya cc 996 ya Vitz, kwa hivyo spea hazisumbui. Na Passo za toleo hili la kwanza, zile kabla ya 2010, zina giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia nne, si CVT. Kelele ni zaidi, mafuta zaidi kidogo, lakini fundi wa Likoni anaielewa.

Kasoro zipo. Bushi za mbele, zile raba za kwenye maungio ya magurudumu, zimekwisha, kila tuta inagonga ko, ko. Taa zimegeuka manjano kwa jua, na kwa mtu wa zamu za usiku hilo silo dogo. Matairi yanaonekana mapya, ila someni hapa ubavuni, tarakimu nne: 1117. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2017. Kashata za tairi zimejaa lakini mpira umekuwa mgumu kama ukwaju uliokauka. Yote manne yatoke. Ikibeba watu wanne na AC, kupanda daraja la Nyali utazima AC. Ni gari ndogo yenye nguvu ndogo, mkitaka niwadanganye semeni.

Tukaipeleka Likoni, siku ya bamvua, maji yamekupwa, ule mteremko wa kushukia feri umekuwa mkali. Hapo ndipo gari za chini hukwaruza pua. Hii ilishuka bila kugusa. Foleni tulikaa dakika 40, AC imewashwa, feni inakuja na kukata, nyekundu haikuwaka. Mwalimu alikuwa na dumu la kulanti kwenye buti.

Tukamaliza kwa 370,000. Kabla ya kulipa tuliitafuta gari kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuona jina la mwenyewe na kama kuna mkopeshaji aliyeshikilia logibuku, yaani hati ya umiliki. Halafu mwalimu akaanza uhamisho wa umiliki kwenye simu yake pale pale sebuleni, mpwa wangu akaukubali kwa yake, tukanywa chai. Msitoke na makubaliano ya karatasi peke yake mkasema mengine kesho. Zile 80,000 zilizobaki si za kusherehekea, ni matairi, bushi, taa na bima.

Mlango? Utabaki hivyo hivyo kwa sasa. Rangi alisema atailipia mwenyewe aipake buluu, eti wenzake wa wodini watamcheka. Lakini hebu kamera, msogelee. Polepole, asione. Unafunga nini hapo kwenye usukani, mpwa wangu? Kifuniko? Kipya? Cha rangi gani hicho?

"Mjomba, kilikuwa kimebaki hiki tu dukani."