Uzoefu wangu na Niagara Launcher: skrini ya simu kwa mtu wa boti

Huu ni mwezi wa saba natumia Niagara Launcher, programu ya Android inayochukua nafasi ya skrini ya kwanza ya simu, na ninaandika hasa kwa wenzangu tufanyao kazi majini, kwa sababu shida iliyonifikisha kwake ni shida ya kuwa na mkono mmoja tu ulio huru.

Navusha abiria kati ya Mokowe na Lamu. Mkono wa kushoto hauachi mpini wa mashine, wa kulia ndio unaoshika simu, na mara nyingi umelowa maji ya chumvi. Zamani nilikuwa na kurasa nne za aikoni, kwani kila programu niliyoipakua ilijiweka penye nafasi. Nikazipanga kwa folda, nikiburuta aikoni moja juu ya nyingine kama simu nyingi za Android zinavyoruhusu: fedha huku, mawasiliano kule, hali ya hewa pembeni. Zilipendeza kwa macho. Jioni moja gatini Mokowe abiria akaniambia ameshatuma nauli. Nikafungua folda ya fedha, kidole kikateleza kikagusa programu ya benki iliyo ubavuni mwa M-PESA, nayo ikaanza kuniuliza nywila, huku mawimbi ya boti iliyokuwa ikiondoka yakitupigiza kwenye ngazi na watu wamesimama wakingoja kushuka. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimezipanga programu kwa jamii zake, ilhali kazi yangu inataka zipangwe kwa haraka yake.

Niagara haina safu za aikoni. Unachagua programu chache uzipendazo, zinakaa katika orodha moja ya wima, kila moja na jina lake mbele yake, na nyingine zote unazipata kwa kutelezesha kidole juu ya herufi zilizo ukingoni mwa skrini: ukifika B, benki inajitokeza. Mimi nimechagua sita tu. Ya kwanza ni ya kuonyesha maji kujaa na kupwa, kwa sababu saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na anayetegemea kumbukumbu ya juzi, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na hasa kwa safari za kuelekea kisiwa cha Pate, anaweza kukuta chombo kimekaa juu ya mchanga. Programu hiyo ilikuwa na jina la kigeni. Nilibonyeza na kushikilia, nikaibadilisha jina, sasa inaitwa Maji, na kwenye herufi naipata kwa M. Zinafuata hali ya hewa, nyakati za swala, simu na WhatsApp. M-PESA nimeiweka chini kabisa, mahali ambapo kidole gumba kinafika bila kuilegeza simu kiganjani. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba ujumbe ukiingia unaonekana chini ya jina la programu yake, humo humo kwenye orodha.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, kidole kikienda kwenye pembe zile za zamani. Apendaye skrini iliyojaa aikoni za rangi ataiona hii tupu mno. Toleo la kawaida ni la bure. Lipo la Pro la kulipia, ambalo sijalihitaji. Wenye iPhone hawawezi kuitumia, ila tangu iOS 14 ya mwaka 2020 wanaweza kuficha kurasa nzima za aikoni, na tangu iOS 18 ya mwaka 2024 wanaweza kuiacha aikoni popote, hata chini karibu na kidole.

Kwa anayeogopa kujaribu, mpangilio wa zamani haupotei: ukiingia kwenye Mipangilio na kuchagua tena skrini ya kwanza iliyokuja na simu, unaukuta kama ulivyouacha. Baharia wangu aliiona akaomba nimwekee. Kwake ya kwanza ni kikokotoo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hesabu ya nauli, na Maji iko ya tatu.