Tahadhari: Vitofali vya LEGO Vilivyochakaa Vinauzwa Mtandaoni kama Vipya

Natoa tahadhari hii kwa wazazi, walimu wa klabu za watoto na yeyote anayenunua vitofali vya LEGO, yaani vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyobanwa kimoja juu ya kingine, kupitia mitandao ya kijamii hapa Dar es Salaam. Yuko muuzaji anayekusanya vitofali vya mtumba vilivyokwisha kutumika kupita kiasi, akaviosha, akavipanga kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga kwa moto, kisha akavitangaza kuwa ni vipya na havijawahi kuguswa. Kuuza mtumba si kosa, na vitofali vya mtumba vilivyotunzwa vizuri vinazifaa familia nyingi kuliko vipya vyenye bei ya kuruka. Ubaya wa muuzaji huyu ni kutoza bei ya kitu kipya kwa kitu kilichochoka, tena kwa kudai alipwe fedha zote kwa simu kabla mnunuzi hajaona mzigo.

Mzigo tuliouagiza kwa ajili ya klabu ya watoto ulijieleza wenyewe mara tulipoufungua. Tulijenga ukuta mfupi, tukauinua kwa kushika safu ya juu, na nusu ya chini ikabaki mezani. Kitofali kimoja chekundu cha vinundu vinane (vile vijibonge vya juu vinavyoingia kwenye kitofali kingine) kilikuwa na kingo zilizolainika kama kipande cha sabuni, herufi za LEGO juu ya vinundu vyake zilikuwa zimefifia kwa kusuguliwa, na kwenye pembe yake moja zilionekana wazi alama za meno ya mtoto. Hicho ndicho kitofali ambacho hakijawahi kuguswa!

Tulipolalamika, alijibu kwamba vitofali hivi havichakai, akatutumia na takwimu: vitofali viliunganishwa na kutenganishwa mara 37,112 ndipo vikashindwa kushikana. Jaribio hilo lilifanyika kweli, mwaka 2012, lakini lilifanywa na mashine iliyobana na kuvuta kwa mwendo ule ule, mahali pasipo mchanga wala vumbi. Mtoto hafanyi hivyo. Mtoto hukipinda kitofali ili kitoke, hukibandua kwa kisu cha mezani au kwa meno, hukiacha uani kikaingia mchanga, kisha hukibana tena na mchanga wake, na chembe hizo hukwangua plastiki kama msasa. Isitoshe, jaribio lile lenyewe linathibitisha kwamba kitofali huchakaa.

Inafaa kueleza uchakavu huo unavyotokea, kwa sababu muuzaji anategemea kutojua kwetu. Kinundu hufanywa kiwe kikubwa kidogo tu kuliko nafasi kinamoingia, kati ya kuta na mirija ya ndani ya kitofali cha juu. Plastiki iitwayo ABS, ambayo kampuni ya LEGO ya Denmark imeitumia tangu mwaka 1963, hunepa kidogo na kujaribu kurudi mahali pake, na huko kujaribu kurudi ndiko kunakoshika. Vipimo hivyo ni vya karibu sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo utando mwembamba unaosuguliwa kila mara vinapounganishwa, ingawa hauonekani kwa macho, hatimaye hupunguza mshiko. Vitofali vikikaa vimeunganishwa kwa miaka mingi, kuta nazo huzoea kunepa na kupoteza nguvu ya kubana. Vile vyembamba na vile vinavyopitisha mwanga hupata nyufa kama unywele, hasa kwenye pembe, na baadhi ya vile vya rangi ya kahawia vilivyotengenezwa miaka ya nyuma hujulikana kwa kukatika ovyo hata vikishikwa kwa uangalifu.

Uoshaji wenyewe unaweza kuongeza madhara. Maji yanayozidi nyuzi joto 40 yanaweza kuvipinda vitofali, na katika mzigo wetu vibao kadhaa vipana vilikuwa vimebinuka kiasi cha kuyumba vikilazwa mezani. Vyeupe vilivyogeuka manjano kwa jua navyo huweza kung'arishwa kwa dawa, lakini weupe huo haurudishi mshiko.

Kabla ya kulipa, omba picha ya karibu ya vinundu ikiwa imepigwa kwa mwanga wa pembeni, maana mikwaruzo hujificha mwanga ukitoka juu. Omba pia video ya vitofali vikiunganishwa na kuinuliwa, pamoja na picha ya upande wa ndani, ambako uchafu na nyufa hubaki hata baada ya kuoshwa. Mfuko wa plastiki wa kiwandani huwa na maandishi na matundu madogo ya kutolea hewa, na kuanzia mwaka 2021 kampuni ilianza kuhamia mifuko ya karatasi. Mfuko mweupe usio na chochote, uliofungwa kwa moto, si ushahidi wa upya.

Muuzaji huyu hubadilisha jina la ukurasa, lakini hadi sasa picha zake zimepigwa juu ya kitambaa kile kile cha meza chenye maua ya bluu, na maelezo yake yana kosa lile lile la kuandika "orijino" kwa herufi kubwa mara mbili mfululizo. Aliyekwisha kuuziwa asitupe mifuko wala kufuta ujumbe wa malipo na mazungumzo, kwani vitahitajika akiamua kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani au polisi.