Uzoefu Wangu na Riwaya ya Wezi wa Michoro Isiyo na Jalada

Riwaya hii niliinunua kwa faranga 5,000 hapa Lubumbashi, kwa kijana anayetandika vitabu vya mitumba karibu na Posta. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na ukurasa wa jina, hivyo nitaieleza bila kuitaja. Ni tafsiri ya Kifaransa, na sura ya kwanza inaanza na mwanamke anayehesabu hatua za mlinzi wa usiku.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa. Mwandishi anaeleza kwa utulivu jinsi kengele inavyolizwa ovyo wiki nzima hadi walinzi wanaacha kuiamini, na kwa nini mwizi mwenye akili hatumii wembe, kwani rangi ya zamani hupasuka turubai ikikunjwa. Wezi walioingia Makumbusho ya Isabella Stewart Gardner kule Boston mwaka 1990, wakiwa wamevaa sare za polisi, walikata michoro ya Rembrandt kwenye fremu zake. Vitu 13 walivyochukua havijapatikana hadi leo, ingawa imetangazwa zawadi ya dola milioni 10. Kurasa 200 nilizimaliza kwa usiku mbili, wa pili kwa tochi ya simu kwa kuwa umeme ulikatika.

Kisha nikafika ukurasa wa 210, na uliofuata ulikuwa wa 227. Fungu zima lilikuwa limeachia gundi, tena pale pale wezi wanapotafuta mlango wa kutokea. Nilipokirudisha kitabu, yule kijana alikipekua, akanitazama kwa huruma na kusema, "Papa, bamekwisha kutoka, soma tu mbele."

Mbele riwaya inalegea, kwa sababu mali inapaswa kupata mnunuzi. Vincenzo Peruggia aliyeiba Mona Lisa mwaka 1911 aliificha zaidi ya miaka miwili, akakamatwa alipojaribu kuitoa kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale huko Florence. Hofu ya namna hiyo, ya kulala chumba kimoja na kitu usichoweza kumwonyesha hata ndugu yako, ingetosha kubeba nusu ya kitabu. Mwandishi ameikimbia kwa kumleta tajiri mwenye ghala Geneva, anayelipa taslimu bila kuuliza swali.

Kilichonikera zaidi kimo sebuleni kwa tajiri huyo: kiti cha Waluba, kilichobebwa na mwanamke wa kuchongwa, ambacho kimepewa mistari miwili kama pambo la ukutani. Hakuna mhusika anayejiuliza kilifikaje huko. Sisi tulio upande huu tunajua kwamba mwaka 1884 watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, na kwamba sanamu yake ya mababu iko Tervuren, Ubelgiji. Mwandishi aliyefuatilia hatua za mlinzi mmoja kwa kurasa kumi angeweza kukifuatilia na kiti hicho.

Kwa sura za mwanzo ningelipa tena faranga 5,000. Muuzaji ameahidi kunitafutia nakala nyingine, nami hupita kwake kila Jumamosi kudai kurasa zangu 16.