Mboji ya lundo au ya minyoo kwa mboga za mapema?

Majira ya kuchipua yanapoanza, udongo bado ni baridi, lakini spinachi, saladi na njegere hazihitaji kungoja joto. Mboji ya kupandia itoke wapi?

Lundo la nje linashinda kwa wingi. Likiwa na mita 1 hivi kila upande, na majani makavu yakizidi mabichi, ndani yake joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, la kutosha kuua mbegu nyingi za magugu. Ukilifukua asubuhi ya baridi utaona mvuke ukifuka. Tatizo ni kwamba lundo lililopoa wakati wa baridi huchelewa kuamka. Utaligeuza, utaliongezea mabichi, na bado litachukua miezi kadhaa kuiva.

Minyoo wekundu hawana habari na msimu, mradi sanduku lao liwe ndani, penye nyuzi 15 hadi 25. Wanakula maganda ya mboga mfululizo, kwa hiyo mboji yao huwa tayari wakati wa kusia mbegu. Ni laini, nyeusi, haina harufu mbaya. Ni kidogo pia, na kwa kuwa haipati joto kali, mbegu za nyanya zilizotupwa humo huota tena.

Kwa kitalu cha mapema nachagua minyoo bila kusita: changanya sehemu 1 ya mboji yao na sehemu 4 za udongo. Lundo nalitunzia matuta ya nyanya na maboga, yanayokula sana na kupandwa baadaye.