Sufuria ya kusindikia ya Presto: miezi minne ya woga na chupa tisa za maharage

Boksi la sufuria hiyo lilifika mwezi wa tano. Nikalisukuma chini ya ngazi ya kushukia kwenye mashine ya kufulia, na huko likakaa mpaka mwezi wa tisa. Kila nilipopita na kapu la nguo chafu nililiona. Niliinunua kwa hela yangu mwenyewe, dola mia na ushee, na nilijua kabisa naihitaji. Kuiwasha ndiko kulikonishinda.

Woga wangu una historia. Nilikuwa darasa la nne, Tanga, na shangazi yangu alikuwa na presha kuka aliyoipata kwenye harusi yake. Siku moja ganda la harage liliziba tundu la mvuke, naye akaulazimisha mfuniko kwa mwiko. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nilisikia kishindo, halafu kimya, halafu sauti ya shangazi akimwita Mungu. Maharage yalikuwa darini, ukutani, kwenye kalenda. Baka la kuungua analo mkononi mpaka leo, na ile presha kuka ikaenda stoo na haikutoka tena.

Sasa naishi Minneapolis, nafanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kiangazi cha mwaka juzi dhoruba ilikata umeme kwa siku mbili na nusu, na ndani ya friza tulikuwa na robo ya ng'ombe tuliyonunua kwa kugawana na familia tatu. Tulitupa karibu yote. Nilisimama pale nyuma ya nyumba na mifuko ya taka nikahesabu saa ngapi za kazi zilikuwa ndani yake. Ndipo nikaanza kuwauliza wamama wa hapa, wale wenye makabati yaliyojaa chupa za nyama na mboga zisizohitaji umeme, na wote wakanielekeza kwenye chombo kimoja: sufuria ya presha ya kusindikia, yaani ya kuhifadhia chakula ndani ya chupa zilizofungwa.

Yangu ni Presto ya ujazo wa robo galoni 23, yaani karibu lita 22, ya alumini. Kampuni ina makao yake Eau Claire, Wisconsin, jimbo la jirani. Inabeba chupa 7 za robo galoni (karibu lita moja), au 20 za pinti (karibu nusu lita) ukizipanga tabaka mbili. Msije mkaichanganya na presha kuka ya kupikia. Zile ndogo hazifai kwa kazi hii: Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka sufuria inayoweza kubeba angalau chupa 4 za robo galoni zikiwa zimesimama, na maelekezo yake ya muda yamepimwa kwa sufuria za ukubwa huo. Zile za umeme zenye vitufe nazo haizipendekezi kwa kusindikia, hata kama zina kitufe kilichoandikwa hivyo.

Kabla ya kuwasha chochote nilikaa mezani jioni moja na mfuniko peke yake. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Ushike, ugeuze, utazame kila kilichopo. Kuna geji ya mshale. Kuna kibomba cha mvuke, ambacho unakiinua kwenye mwanga na kuchungulia kama kiko wazi, kila mara kabla ya kutumia. Hapo nilimkumbuka shangazi, maana hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Kuna mpira mzunguko wa kuzuia mvuke usitoke pembeni. Kuna kijiti kidogo cha chuma kinachopanda presha ikianza kujaa na kuufunga mfuniko, na hakishuki mpaka presha iishe. Kikiwa juu, mfuniko haufunguki. Na kuna kizibo kidogo cha mpira mweusi ambacho presha ikizidi sana kinafyatuka chenyewe na kuutoa mvuke nje. Ganda la harage lililoniogofya miaka ishirini na kitu lina majibu mawili matatu kwenye mfuniko mmoja. Niliirudisha kwenye boksi nikalala vizuri.

Woga mwingine ulikuja nilipoanza kusoma, na huo nimeamua kubaki nao. Kwenye udongo kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake zinaweza kustahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa, na ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa, yenye chakula kisicho na uchachu kama maharage, nyama, viazi au samaki, zinaamka na kutengeneza sumu. Chupa inaweza kuonekana nzuri kabisa. Aprili 2015, kanisa moja mjini Lancaster, Ohio, walikula chakula cha pamoja, kila mtu kaleta chungu chake kama tunavyofanya sisi hapa kila mwisho wa mwezi. Watu 29 waliugua na mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyosindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka tu, bila presha. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Presha inapandisha joto hadi nyuzi 116 hivi za Selsiasi, na hilo ndilo joto linaloziua zile mbegu. Kwa hiyo mvuke niliokuwa naukimbia ndio unaowalinda wanangu.

Jumapili moja baba watoto akawapeleka watoto bustanini, nikaiwasha kwa mara ya kwanza ikiwa na maji matupu. Hakuna chupa, hakuna chakula. Niliweka wavu wa chini, maji robo galoni tatu, nikafunga mfuniko mpaka mipini ikakaa sawa, nikawasha gesi. Baada ya muda mvuke ukaanza kutoka kwenye kibomba, kwanza kama pumzi ya mtu aliyechoka, halafu mstari mmoja ulionyooka kuelekea juu. Hapo unahesabu dakika 10 za kutoa hewa yote iliyo ndani, kwa sababu hewa ikibaki, geji itakuonyesha presha ambayo joto lake halijafika. Dakika kumi zilipoisha nikavaa glavu ya oveni nikaweka uzito, kile kipande cha chuma kinachozuia mvuke, juu ya kibomba. Kelele ikakatika ghafla. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni nikasimama na mkono kwenye kitasa. Kijiti kikapanda, tak. Mshale ukasogea: mbili, nne, saba. Ulipofika kumi, yaani paundi 10 za presha kwa kila inchi ya mraba, ule uzito ukaanza kucheza, cheku-cheku-cheku, kama kifuniko cha birika la chai. Nikaachia kitasa. Nikavuta kiti nikakaa kuisikiliza kwa dakika ishirini, nikazima, nikaiacha ipoe yenyewe.

Kama una wasiwasi kama wangu, anza na maji matupu. Inakugharimu gesi kidogo tu.

Jambo jingine la kununua mapema ni uzito wa vipande vitatu, kama ule niliotumia siku hiyo. Yangu ilikuja na uzito mmoja wa paundi 15, na kwa paundi 11 unatakiwa kuutazama mshale muda wote na kucheza na moto. Uzito wa vipande unauzwa kando kwa bei ndogo: kipande cha kwanza ni paundi 5, ukiongeza pete moja 10, mbili 15. Ukiwa na huo unafanya kazi kwa masikio. Ukicheza, presha ipo, ukinyamaza, imeshuka. Na geji ya mshale lazima ipimwe kila mwaka kabla ya msimu. Ofisi nyingi za ugani za vyuo vikuu zina kifaa cha kuipimia, piga simu kwanza uulize ya kwenu.

Jumamosi iliyofuata nikaingia kazini kweli. Maharage kilo moja na nusu, yale ya madoadoa, niliyoyaloweka tangu usiku. Nikamwaga maji ya kuloweka, nikayachemsha nusu saa kwenye maji mapya, nikayajaza kwenye chupa 9 za pinti zilizokuwa za moto, pamoja na maji yake ya kuchemshia. Unaacha inchi moja wazi juu. Unapitisha kijiti cha plastiki pembeni kutoa mapovu ya hewa, unafuta mdomo wa chupa usibaki hata punje, unaweka kifuniko kipya, unakaza pete inayokishikilia kwa ncha za vidole tu. Kwa pinti ni dakika 75, kwa robo galoni 90.

Nikaanza kuhesabu dakika. Kadiri muda ulivyokwenda ule mchezo wa uzito ukawa wa kasi na roho yangu nayo ikaanza kwenda mbio, nikapunguza moto. Baadaye nikapunguza tena. Dakika ya 52 jiko likawa kimya. Nikautazama mshale: tisa. Sheria haina huruma hapo. Presha ikishuka chini ya kiwango, unaipandisha tena na unaanza kuhesabu upya, dakika zote 75, kana kwamba zile 52 hazikuwepo. Nilitamani sana kuongeza zile zilizobaki tu na kumaliza. Nikakumbuka viazi vya Ohio. Nikapandisha moto, uzito ukacheza, nikaandika muda mpya kwenye karatasi ya friji, na safari hii nikaiacha ipige kelele zake. Tangu siku hiyo huo mlio ndio unaonituliza. Nikiusikia naweza hata kukunja nguo chumba cha pili, mlango wazi.

Ukizima, usiguse. Usimwagie maji ya baridi, usiinue uzito kuiharakisha. Yangu inachukua kama dakika 50 mpaka mshale urudi sifuri na kijiti kishuke. Unaondoa uzito, unasubiri dakika kumi nyingine, ndipo unafungua ukiinamisha mfuniko upande wa mbali ili mvuke usikupige usoni. Maharage ndani ya chupa yalikuwa bado yanachemka, yanapanda na kushuka nyuma ya kioo. Nilizitoa moja moja kwa koleo nikazipanga kwenye taulo. Halafu zikaanza: ta! Kimya. Ta! Ni vifuniko vinavyovutwa chini chupa zinapopoa. Binti yangu alikaa kuhesabu, akafika nane, akagoma kwenda kulala. Ya tisa ililia saa nne kasoro usiku.

Asubuhi nilizikagua zote. Chupa mbili zilikuwa zimepoteza maji, maharage ya juu yako nje, na hiyo ni kwa sababu ya moto niliokuwa naupandisha na kuushusha. Vifuniko vyake vilikuwa vimeshika, kwa hiyo ni salama, tukazila kwanza.

Msiweke tui la nazi ndani ya chupa. Najua mtatamani, hata mimi nilikuwa nimeshatoa kopo la nazi kabatini. Sijaona maelekezo yoyote yaliyopimwa yanayoruhusu, na vitu vizito au vya mafuta vinazuia joto kufika katikati ya chupa. Vivyo hivyo maharage ya kupondwa na unga wa kukolezea mchuzi. Sindika maharage matupu na maji yake na chumvi. Siku ya kula, unamimina, unachemsha dakika 10 kwa usalama zaidi, kisha kitunguu, nyanya na tui lako. Nikitoka zamu saa moja asubuhi napata maharage ya nazi na chapati ndani ya robo saa, na ladha ni ile ile ya kwetu.

Mnaosoma mkiwa nyanda za juu, angalieni mwinuko. Hapa Minneapolis tuko chini ya futi 1,000, hivyo uzito wa paundi 10 unatosha, au 11 kwa mshale. Arusha na Nairobi ziko juu ya futi 4,000, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, na huko ni paundi 13 kwa mshale au 15 kwa uzito. Kwetu Tanga baharini ni kama hapa.

Pima pia nafasi juu ya jiko kabla ya kununua. Ni ndefu, kwa rafiki yangu mmoja Mkenya iligonga kabati lililo juu ya jiko. Ikiwa na maji na chupa haibebeki, ipange ikiwa tayari jikoni. Na ukubali kwamba ni kazi ya nusu siku. Mtu anayetaka chakula cha leo jioni atumie presha kuka ya kawaida. Kwa anayepika mara moja kwa mwezi na kufanya kazi usiku, naipa nyota tano, na nimeshaifungua mara sita bila kusimama mlangoni.

Juzi nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha kabati. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alizitazama zile chupa muda mrefu, akaniambia nisogeze simu karibu aone kama maharage yamepasuka. Hayajapasuka. Akauliza, "Na hicho chombo, mwanangu, kinaweza vibua?" Nikamwambia kinaweza, chupa za pinti, dakika 100. Akasema basi mwezi wa kumi na mbili nikija niibebe.