Kikokotoo cha kikomo cha riba: malipo safi, ada bado gizani

Tuna mkopo wa dola milioni 2 wa nyumba za kupangisha huku Marekani. Riba yake hufuata SOFR (kiwango cha riba cha mikopo ya usiku mmoja Marekani), hivyo benki ilitutaka tununue kikomo cha asilimia 4, yaani mkataba unaotulipa SOFR ikizidi hapo. Kikokotoo cha dalali wetu kinaonyesha malipo hatua kwa hatua: SOFR ikiwa asilimia 5.3, ziada ni asilimia 1.3, zidisha kwa milioni 2, kisha kwa siku 90 gawanya kwa 360, unalipwa dola 6,500 robo mwaka hiyo. Ikibaki chini ya 4, hupati kitu. Hapo nawapongeza kwa dhati.

Kinachoniudhi ni ada ya kununua kikomo, ambayo inalipwa yote mwanzoni na ni jumla ya bei za kila robo mwaka. Kikokotoo kinatoa jumla hiyo tu. Ukipandisha kikomo hadi 5 ada inashuka, lakini huoni ni robo zipi zimepungua bei. Waongeze safu hiyo, tafadhali.