Loki ya saa niliyoagiza mtandaoni hapa Dar: chuma kizuri, pini za aibu

Kumuuzia mtu loki, yaani kifungio cha cheni ya saa, ya laki tatu na ushee, kisha ndani yake ukamtilia pini za saa ya elfu tano, ni dharau. Sina jina jingine la kuiita. Seti yenyewe nimeagiza kwenye duka moja la mtandaoni la hapa hapa mjini: loki inayorefuka na kufupika bila kifaa, ya kufunga kwenye cheni ya saa ya Tudor Black Bay Fifty-Eight, pamoja na pakiti ya vifaa vya kubadilishia nyumbani. Fifty-Eight ilipotoka mwaka 2018 haikuja na T-fit, loki ya Tudor wenyewe inayorekebishwa bila kifaa, na kwa joto la Dar hilo ni kero ya kila siku. Asubuhi cheni inacheza mkononi, saa nane mchana imebana mpaka inaacha alama kwenye ngozi. Ndiyo maana watu wanatafuta loki za pembeni, zisizo za Tudor.

Sasa hizo pini. Loki inashikwa kwenye cheni na pini za springi, na kila pini ina ncha mbili zinazochomoza na kuingia kwenye matundu ya pande mbili. Pini ina vipimo vinne: urefu, unene wa mwili, unene wa ncha na urefu wa ncha. Wauzaji wengi wanakijua kimoja tu, urefu. Matundu ya loki hii yametobolewa kwa ncha ya milimita 1.1. Pini zilizokuja nayo zina ncha ya 0.8 na mwili wa 1.5. Mtu atasema nusu milimita haifiki, si kitu. Ni kitu. Ncha nyembamba kwenye tundu pana haikai katikati, inaegemea ukingo mmoja. Kila ukifungua loki, uzito wote unaangukia kwenye ule ukingo badala ya kugawanyika kwenye eneo pana la ncha. Baada ya muda ncha inapinda kidogo au tundu linapanuka na kuwa yai, na siku moja unanyanyua mkono kupanda daladala, saa inakwenda zake.

Huna haja ya kusubiri siku hiyo. Ukishafunga loki, shika upande mmoja wa cheni na upande mwingine ushike loki, juu ya godoro, sio juu ya vigae. Vuta kwa nguvu, kisha pinda kulia na kushoto. Pini nzuri haisikiki wala haisogei. Hizi zilisogea waziwazi, unaona mwanga unapita kati ya pini na ukuta wa tundu, na nilipopinda mara ya pili ncha ya kushoto ikarudi ndani na loki ikaachia. Godoro likaidaka. Loki ikatoka nzima, hasira ndiyo zilibaki.

Nikawatumia wenye duka picha, kalipa (kile kifaa cha kupimia unene) imebana ncha, namba inasomeka vizuri kabisa. Jibu likaja kwa sauti ya WhatsApp: "Bosi, pini ni pini. Wateja wote wanavaa, wewe tu ndiyo unapima." Nikauliza kama wana za 1.1. Wakasema hawana, ila nimpelekee fundi aigonge ncha kwa nyundo kidogo, itapanuka yenyewe. Nimeisikiliza ile sauti zaidi ya mara moja kuhakikisha sikusikia vibaya.

Ncha ya pini ukiigonga haipanuki kwa mviringo, inakuwa bapa. Upande mmoja itabana, mwingine itaacha nafasi. Na ule mwili wa pini ni kibomba chembamba chenye springi ndani: kikibonyea kidogo tu, ncha haiingii tena wala haitoki. Ukibahatika kuipachika kwenye loki, siku ya kuitoa utaikata kwa msumeno. Anayeuza vifaa vya saa akatoa ushauri wa namna hiyo, basi auze vitasa.

Suluhisho wala si gumu. Mafundi saa wa vibarazani Kariakoo wana makopo ya pini zilizotolewa kwenye saa za zamani, na wengi wao wanapima kabla ya kukupa. Nenda na loki yenyewe, usiende na kumbukumbu. Bonyeza ncha zote mbili kwa kucha: zirudi ndani sawasawa na zichomoke upesi. Ikikwaruza au ikisita, ndani kuna kutu, iache hapo hapo. Usidanganyike na unene pekee pia. Pini za Seiko za kuzamia kama za SKX007 zina ncha hiyo hiyo ya 1.1, lakini mwili wake ni 2.5 na hauwezi kupita kwenye tundu la cheni ya kawaida. Ndiyo maana nasema vipimo ni vinne.

Urefu nao una mtego. Loki inayodai milimita 16 ndani, ikiwekewa pini ya 15, ncha inaingia nusu tu pande zote mbili. Inafunga, inatoa mlio, inakupa imani, na haina mshiko. Pima nafasi ya ndani ya loki kwa kalipa, usiamini kilichoandikwa kwenye pakiti.

Vifaa vya kwenye seti nitavipitia haraka kwa sababu havistahili zaidi. Kile chenye uma wa kusukumia pini ni kinene mno, hakipiti nyuma ya cheni bila kukwaruza masikio ya saa, yaani zile pembe zinazoshika cheni. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, upande wa ndani na wa chini wa masikio kabla ya kugusa kitu, hata kama kifaa chako ni Bergeon 6767. Bisibisi za seti hii ni chuma laini. Ya kwanza ilijisokota kwenye skrubu ya kipande cha cheni kabla skrubu haijafikiria kusogea. Bisibisi lazima ijaze mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Ikiwa nyembamba itapanda juu na kukatakata kichwa, na hapo umeshaharibu kipande ambacho kukipata ni kazi.

Skrubu za cheni nyingi za bei hii zimetiwa gundi kiwandani. Usishindane nazo kwa nguvu za mkono. Tenganisha kwanza cheni na saa yenyewe, kisha pasha kile kipande kwa draya ya nywele dakika moja au mbili, au kitumbukize kwenye maji ya moto, halafu jaribu ikiwa bado kina joto. Saa usiipashe kamwe, mipira ya kuzuia maji haipendi. Kurudisha, safisha uzi wa skrubu na upake Loctite 222, gundi ya skrubu isiyoshika sana, kwa ncha ya kijiti cha meno, tone dogo kuliko unavyofikiri, kisha iache siku nzima kabla ya kuvaa. Loctite nyekundu usiguse, na supagluu ndiyo kabisa.

Kabla ya kupunguza vipande, weka loki ya aina hii katikati ya mwendo wake. Watu wengi wanapima ikiwa imefungwa yote, wanatoa vipande mpaka iwatoshe asubuhi, mchana wana nafasi ya kulegeza lakini siku ya baridi ya Julai hawana pa kubania. Toa zaidi upande wa chini, wa namba 6 ya uso wa saa, kuliko wa juu, ili loki ikae katikati ya mkono na sio pembeni.

Na zima feni. Najua, Dar, lakini pini ikiruka na feni ikiwaka utaitafuta chini ya kabati mpaka Luku iishe. Fanya kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonekana, mikono yako ndani. Ile ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, ila wa zipu au wa mkate unatosha. Baada ya bahari, ioshe loki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Cheni haitashika kutu, lakini ile springi ndogo ndani ya pini mara nyingi ni chuma kingine, na jasho la hapa linaimaliza kwanza.

Sasa niseme haki: loki yenyewe ni nzuri. Kingo zake zimelainishwa, hazing'ati nywele za mkono. Inateleza bila kukwama, inasimama palepale unapoiacha, na ukiifunga haichezi hata kidogo. Kwa pini sahihi inalingana na loki zinazouzwa bei mara mbili, na mchana sasa nalegeza kwa kidole gumba bila kuivua. Kwa kazi ya chuma ningeipa nyota nne. Nimefikiria kuandika tatu kwa jumla, maana mtu mwenye kalipa na nauli ya Kariakoo atafurahi nayo.

Halafu nikakumbuka walivyojibu niliporudisha zile pini: pakiti imeshafunguliwa, hela hairudi, na bodaboda ya kwenda na kurudi nilipe mimi. Nyota moja.